Mguu Uliovunjika Mnazi Mmoja

Katika zama za ukoloni matibabu ya Dar es Salaam yalifuata rangi ya mgonjwa: hospitali iitwayo Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani ufukweni mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu, na ile iliyopewa jina la Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyetoa mali yake ijengwe, ilikuwa ya Waafrika na Wahindi, nao Waingereza walipotawala hawakuubatilisha utaratibu huo. Basi mtoto wa Kariakoo aliyecheza kandanda pekupeku Mnazi Mmoja, akivunjika mguu, wazazi wake, kwa kuchelea kupoteza ujira wa siku, aghalabu walimpeleka kwa mganga wa mifupa, ambaye aliupapasa mguu kwa vidole vyenye mafuta, akaunyosha taratibu, akaufunga mabanzi. Mafundi hodari walikuwako, nami nawastahi. Lakini mfupa uliotoboa ngozi wahitaji chumba cha upasuaji, na mlango wa Ocean Road, usiofika maili mbili kutoka uwanjani, haukuwa wa mtoto huyo. Hospitali ya Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo, ilifunguliwa mwaka 1956. Watoto walioungwa vibaya kabla yake walikwisha kuwa watu wazima, wakichechemea.