Walevi wawili wa Akron

Wasikilizaji wetu, hapa kwetu kasiksi na kanyanga haziko mbali na mtu yeyote, hata kambini. Kuna familia zinazouliza: huyu wetu aliyeshindwa kuacha, nani atamsaidia? Jibu moja lilianzia mbali, katika mji wa Akron, Marekani.

Mwezi wa tano mwaka 1935, Bill Wilson wa New York alikuwa huko kwa biashara, na biashara ikamharibikia. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe. Akiwa kwenye ukumbi wa hoteli alisikia watu wakifurahi ndani ya baa. Hakuingia. Alikwenda kwenye simu, akapigia watu wa makanisa, akiomba waonyeshe mlevi mwingine wa kuongea naye. Hakutafuta daktari wala mhubiri, alitafuta mlevi!

Tarehe 12 alikutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyeharibiwa na pombe miaka mingi. Smith alisema atatoa dakika 15. Walikaa karibu masaa sita. Wengi walikuwa wamekwisha kumshauri Smith, lakini huyu alieleza aibu yake mwenyewe, bila kumhukumu.

Smith alianguka tena baada ya wiki chache. Tarehe 10 mwezi wa sita Wilson alimpa bia moja asubuhi, ili mikono isitetemeke akienda kupasua mgonjwa. Ikawa ya mwisho mpaka kifo chake mwaka 1950. Siku ile ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Kisha wawili hao wakaenda hospitalini kutafuta wa tatu, kwa sababu waligundua kwamba kumsaidia mwingine kuliwazuia wao wenyewe wasinywe.

Wazo hilo lilikuwa limewahi kujaribiwa. Mwaka 1840, wanywaji sita wa Baltimore waliunda chama chao, kikakua haraka sana, halafu kikaingia katika mabishano ya siasa na kikafa baada ya miaka michache. Watu wa Akron na New York waliepuka njia hiyo: hakuna siasa, hakuna fedha za nje, na jina la mtu halitangazwi. Kambini, ambako hema zinagusana, sharti hilo la siri ndilo gumu kuliko yote.

Mwaka 2020 watafiti walilinganisha tafiti 27 zenye watu 10,565. Waliona kwamba kumwongoza mlevi aingie vikundi hivyo kunasaidia wengi zaidi kuacha pombe kabisa kuliko matibabu mengine ya mazungumzo.

Lakini mkumbuke ile bia ya asubuhi. Anayekunywa sana kila siku akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, hata kupata kifafa na kufa. Apitishwe kwanza kwenye kituo cha afya, na mwenzake mmoja wa kikundi amsindikize.