Vyombo Vidogo vya Jikoni katika Masoko ya Sikukuu ya Ufipa

Uwanda wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa machweo na Rukwa upande wa mawio, na mtu atakaye kuufikia kutoka ufuko wa ziwa lolote katika hayo hana budi kukwea kiasi cha mita elfu moja, kwa kuwa maji ya chini yapo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga umepita mita 1,700 na vilele vya milima ya Mbizi vimepita 2,000. Habari hii ya maumbile ya nchi yastahili kutangulia kila habari ya biashara ya mahali hapa, maana kila bidhaa iliyouzwa Ufipa, tangu zama ambazo hazikuandikwa mpaka siku ya kufika magari, ilipanda au ilishuka magenge ya uwanda huo juu ya kichwa cha mwanadamu, na mzigo wa kichwani huulizwa uzito wake kabla ya kuulizwa bei yake.

Wataalamu waliotunga historia ya Wafipa walivutwa, na haki yao, na mambo makubwa: ufalme wa kale wa Milansi, dola mbili za Nkansi na Lyangalile zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa, chuma, nguo na pembe. Lakini mtu akisimama leo katika mnada wa Laela, Matai au Namanyere siku zinapokaribia sikukuu, haoni chuma kilichoyeyushwa Ufipa wala nguo iliyofumwa Ufipa. Huona miiko, nyungo, vikapu, vibuyu vya kutekea na vyungu vya udongo, vimepangwa chini kando ya sahani na ndoo zilizotoka mbali. Bidhaa kubwa zimekufa na vitu vidogo vya jikoni vimebaki, na sababu ya jambo hilo ndiyo maudhui ya makala haya.

Tuanze na chuma, kwa kuwa ndicho kilichokuwa fahari ya nchi. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo waliyoyaita malungu, aghalabu ya kimo cha mita tatu, yenye mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka tako lake ili upepo uingie wenyewe pasipo kuvukutwa, na ndani yake walipanga makaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Tonge la chuma lililotoka humo lilikuwa bado na takataka nyingi, basi lilisafishwa mara ya pili katika kitanuri kifupi kilichovukutwa kwa mivukuto, kisha ndipo mhunzi alipoliweka juu ya fuawe akapata jembe, shoka, mundu na kisu. Padre Wyckaert, mmisionari aliyeandika habari za wahunzi hao katika jarida la Anthropos mwaka 1914, na wataalamu wengine waliomfuata, wametuachia maelezo ya makatazo na dawa zilizoandamana na kazi hiyo: tanuri lilihesabiwa kuwa bibi harusi, na wafuaji wa chuma walipaswa kujitenga na wake zao muda wote wa kuyeyusha, hata kazi ya moto mkuu wa porini ikawa imefungamana na adabu ya moto mdogo wa nyumbani. Jembe lililotoka katika moto huo lililima mashamba, lililipa mahari na lilibadilishwa kwa mbuzi, chumvi na nguo. Na kisu cha jikoni, ambacho hakikuwa lengo la kazi yote hiyo, kilipatikana katika mabaki ya chuma kilichozidi.

Nguo ilikuwa ya pili kwa hadhi. Pamba ilistawi katika joto la bonde la Rukwa na ufukoni mwa Tanganyika, na David Livingstone, aliyepita pwani ya Ufipa mnamo Oktoba 1872 katika safari yake ya mwisho, aliandika habari za pamba hiyo na za shuka zenye milia nyeusi na myeupe zilizofumwa huko, akataja pia kwamba ufumaji ulikuwa mwingi zaidi kabla ya mashambulio ya Wangoni. Nao Wangoni walifika uwandani katika miaka ya 1840, na mkuu wao Zwangendaba alifariki katika nchi ya Ufipa kabla ya watu wake kutawanyika pande nyingi.

Chini ya bidhaa hizo mbili zenye heshima ulipita mkondo wa tatu ambao wasafiri hawakuutazama sana, nao ni mkondo wa mahitaji ya jikoni. Bonde lilikuwa na chumvi, kwani huko Ivuna, kusini ya Ziwa Rukwa, uchimbuzi uliofanywa mwaka 1966 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi tangu karne ya 13 au karibu yake, na kazi hiyo yenyewe yataka vyungu vingi. Maziwa yalitoa samaki wa kukausha. Uwanda ulitoa ulezi na maharage. Mkazi wa uwandani aliyeshuka bondeni, Muze au Ilemba, kutafuta chumvi hakushuka mikono mitupu, wala hakupanda mikono mitupu, na ikiwa mzigo wake mkuu ulikuwa nafaka, juu ya mzigo palikuwa na nafasi ya kitu chepesi cha kumpa mwenyeji aliyemlaza njiani: kibuyu, kikapu, au fundo la chumvi lililofungwa katika majani. Hidaya ya namna hiyo haikuhesabiwa kuwa bei, lakini ndiyo iliyofungua mlango wa biashara, na hivyo mkono wa mchuuzi na mkono wa mgeni ukawa mkono mmoja.

Sanaa za vyombo hivyo, hasa ufinyanzi, zilikuwa aghalabu mikononi mwa wanawake. Mfinyanzi hana gurudumu. Hukanda udongo, huuinua kwa vidole, huulainisha kwa kipande cha kibuyu au kokoto, huanika kivulini, kisha huchoma vyungu vyote pamoja katika moto wa majani na kuni uliowashwa uwanjani. Mnunuzi mwenye maarifa hakutazama rangi. Aligonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, na kilichoitika kwa sauti nyembamba alikichukua, na kilichonguruma alikiacha, kwa kuwa kina ufa usioonekana. Ungo uliinuliwa ukatazamwa kwenye mwanga wa jua, maana unga wa ulezi ni laini na hupita katika tundu lisilopitisha punje ya hindi. Mwiko ulinuswa, kwani mti wenye utomvu mchungu huharibu chakula cha mwezi mzima, kisha ukapimwa unene wake kwa kiganja, kwa sababu ugali wa ulezi ni mzito na husongwa kwa nguvu za mabega mawili. Vipimo hivi havikuandikwa mahali popote. Mama alimrithisha binti yake siku ya kwenda naye sokoni, na kwa njia hiyo kila mnunuzi akawa hakimu wa fundi.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 yalikuja mambo matatu yaliyogeuza hesabu ya nchi. La kwanza ni dola ya Wajerumani, iliyojenga boma lake Kasanga, mahali walipopaita Bismarckburg, ikaanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, hata mtu aliyekuwa akibadilisha kitu kwa kitu akalazimika kutafuta rupia. La pili ni dini: Wamisionari wa Afrika walipokea kituo cha Karema mwaka 1885, na kutoka ufukoni walipanda uwandani pole pole, mpaka sehemu kubwa ya Wafipa ikawa Wakatoliki, na jimbo lililoitwa Karema lilichukua jina la Sumbawanga mwaka 1969. La tatu ni njia za moshi: reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na meli ya Graf von Götzen, iliyozamishwa katika vita vya kwanza vya dunia na kuinuliwa tena mwaka 1924, ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikawa inateremsha shehena Kirando, Kipili na Kasanga.

Mambo hayo matatu yaliua bidhaa kubwa na kuhuisha ndogo. Jembe la kiwandani na shuka za merikani zilishushwa gatini zikiwa rahisi kuliko kazi ya mhunzi na mfumaji, kwa kuwa jembe moja la Ufipa lilikula miti mingi ya makaa na siku nyingi za watu wengi. Hivyo ilipofika katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa hayawashwi tena ila kwa kuwaonyesha wataalamu, na magofu yake yamebaki mashambani kama mashahidi wasioulizwa. Lakini ni tajiri gani wa Ujiji au Dar es Salaam angeupakia mwiko katika behewa, kisha melini, kisha kichwani mwa mpagazi kwa mita elfu moja za magenge, ili auuze kwa senti mbili? Udogo wa faida uliufanya mwiko usitamaniwe na mshindani, na unyenyekevu wa chungu ukawa ngao yake. Vilivyopanda kutoka melini vikawa vile vyepesi vyenye fahari, yaani sahani na vikombe vya bati vilivyopakwa rangi nyeupe na ukingo wa buluu, na hivyo havikukifukuza chungu kutoka mafigani. Vilikaa rafuni vikingoja mgeni.

Dini nayo ilileta kalenda. Watu waliotembea kutoka vijiji vya mbali kwenda misheni kwa Noeli na Pasaka walikutana kwa wingi ambao uwanda haukuuona ila katika mazishi ya wakubwa, na palipo na watu wengi waliovaa vizuri, wenye ndugu wa kutembelea baada ya Misa, hapakosi mtu wa kupanga vitu chini. Hata hivyo mchuuzi aliyedhani kuwa sikukuu zote ni sawa alipata hasara, kwa sababu mvua za Ufipa hunyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili: Noeli humkuta mkulima shambani, ghala likipungua na fedha imekwisha kuingia katika mbegu, na Pasaka humkuta akingoja mahindi yakomae. Neema huja baada ya mavuno, kuanzia Juni, na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, huangukia wakati ghala zimejaa, njia ni kavu na harusi zinafungwa. Kwa hiyo, kitu cha Noeli ni kile kinunuliwacho kwa sarafu iliyobaki: mwiko, kikombe, kipande cha sabuni, kichungio cha chai, na kitu cha Agosti ni kile kinunuliwacho kwa gunia lililouzwa: sufuria za kupangana, ndoo zenye mifuniko, chungu kikubwa cha pombe ya harusi.

Nchi ilipopata uhuru, na Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 na Sumbawanga kuwa makao makuu yake, njia ya bidhaa iligeuka. Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 iliifanya Tunduma kuwa mlango, na shehena iliyokuwa ikipanda kutoka ziwani ikaanza kuja kwa lori kutoka kusini. Kisha ukaja uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni na sufuria zilipokuwa adimu kiasi ambacho serikali iliendesha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983. Na katika uhaba huo mfinyanzi, ambaye malighafi yake ilikuwa chini ya miguu yake, hakuwa na duka la kufunga. Jaribio hilo lilithibitisha kile ambacho historia ya karne mbili ilikuwa imekwisha kukionyesha, kwamba chombo kinachotegemea udongo na mti wa mahali hakikatiki njia ikikatika.

Mshindani wa leo ni mwingine. Lami imefika Sumbawanga, na plastiki, tofauti na chuma na nguo, ni nyepesi kuliko ungo na rahisi kuliko mwiko, hata ngao ile ya udogo wa faida imetobolewa kwa mara ya kwanza. Vilevile desturi ya kicheni pati, ambamo wanawake hukusanyika kumtunza bibi harusi kwa vyombo na kumpa mawaidha ya ndoa, imeenea mijini na kuleta mahitaji ya vitu vinavyong'aa katika karatasi, na mchuuzi asiye na subira huona ni afadhali anunue katoni ya vikombe Tunduma kuliko kwenda kwa mafundi vijijini na kuchagua kimoja kimoja.

Sitamlaumu mchuuzi huyo, kwa kuwa riziki ni riziki, wala sitamtaka mama wa Sumbawanga apike kwa chungu ili kumfurahisha mwandishi. Lakini yeyote atakaye kuchagua vitu vya kuuza katika soko la sikukuu uwandani na apime kwa vipimo vitatu ambavyo Ufipa imevijaribu kwa muda mrefu: kitu kiwe chepesi kwa anayekwenda nacho mbali, kijulikane ubora wake kwa mkono na sikio kabla ya fedha kutoka, na kifae kazi inayofanywa katika jiko la anayepewa, ambaye ni msongaji wa ulezi na mpishi wa maharage yanayokaa motoni nusu siku. Katoni ya vikombe hutimiza cha kwanza na mara nyingi hushindwa katika cha pili na cha tatu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika minada ya Ufipa mwiko mzuri haujahitaji bado kutembezwa. Basi wewe msomaji, ukipita huko wakati wa sikukuu, gonga chungu, inua ungo juani, na ukiona ni chema, kinunue kwa bei inayomwezesha fundi kufinyanga kingine.