Pampu ya insulini isivuliwe ovyo wodini

Daktari wa zamu anayempokea mgonjwa wa kisukari aina ya 1 anaweza kumkuta na kifaa kidogo kiunoni na kingine kimebandikwa nyuma ya mkono. Kosa la hatari zaidi analoweza kulifanya ni kukivua kile cha kiunoni, kukifungia kabatini na kuendelea na wagonjwa wengine.

Nchini Uingereza hali hiyo inazidi kuwa ya kawaida. Desemba 2023, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba kwa huduma ya afya ya umma, iliidhinisha mfumo unaounganisha pampu ya insulini na kihisi cha sukari kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Wagonjwa hao hulazwa pia kwa nimonia au mifupa iliyovunjika, katika wodi zisizo na bingwa wa kisukari.

Pampu hutumia insulini ya kasi pekee, ikiipitisha kidogo kidogo chini ya ngozi usiku na mchana. Tofauti na anayejidunga sindano, mwenye pampu hana akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini. Mrija ukichomoka au pampu ikizimwa, insulini huisha katika saa chache, ini huanza kutengeneza ketoni kwa wingi na damu hujaa asidi. Hali hiyo huua.

Kwa hiyo pampu inapolazimika kuondolewa, mathalani kabla ya kipimo cha MRI ambacho sumaku yake huweza kuiharibu, swali la kwanza ni insulini itaingia kwa njia ipi. Kipimo kikiwa kifupi, pampu hurudishwa ndani ya saa moja hivi. Ikikaa nje zaidi, mgonjwa huanzishiwa sindano, ikiwamo ya insulini ya muda mrefu, au dripu ya insulini.

Mgonjwa mwenye fahamu timamu kwa kawaida huachiwa pampu yake. Mara nyingi anaifahamu kuliko daktari, wala si aibu kumwuliza. Akichanganyikiwa, au damu ikiwa imeshajaa asidi, dripu huchukua nafasi.

Kihisi nacho kina mipaka. Hupima sukari katika majimaji ya chini ya ngozi, si katika damu, hivyo namba zake huchelewa kwa dakika kadhaa. Hata kuulalia mkono wenye kihisi huweza kuzishusha. Haidroksiyurea, dawa ya wagonjwa wengi wa selimundu, huzipandisha kwa uongo katika vihisi vya Dexcom. Ndiyo maana kabla ya kuamua dozi, wodini hupimwa tone la damu ya kidole.

Pampu iliyovuliwa huwekewa jina la mgonjwa, na saa iliyovuliwa huandikwa kwenye faili, kwani daktari wa zamu inayofuata atahesabu kuanzia hapo.