Mfuko Badala ya Bomba: Hadhari ya Vinkristini katika Tiba ya Lukemia ya Watoto

Miongoni mwa dawa zinazotibu lukemia ya watoto, vinkristini ni ya kuheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja, kwani ipitapo mshipani huokoa, na iingiapo katika maji ya uti wa mgongo huleta kupooza kunakopanda kutoka miguuni hadi kwenye pumzi, na aghalabu mauti. Asili yake ni ua la Madagaska, lipandwalo hata nyuani mwa Pwani yetu, na Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1963.

Taksiri huzaliwa hivi. Mtoto huyohuyo, pengine siku hiyohiyo, hudungwa methotreksati mgongoni na vinkristini mkononi. Mabomba mawili ya sindano yakilala katika sahani moja, jicho lililokesha huyachanganya. Huko Nottingham, mwaka 2001, kijana wa miaka 18 alidungwa mgongoni dawa iliyokusudiwa mshipa wake, akafariki mwezi uliofuata, ilhali hospitali ilikuwa kubwa na kanuni zilikuwapo. Kwa hiyo siafiki rai ya kwamba dawa ya msiba huu ni kuwahimiza wauguzi wawe waangalifu zaidi: uangalifu huchoka, na umbo la chombo halichoki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2007 kwamba vinkristini izimuliwe katika mfuko mdogo wa dripu, madhali hakuna tabibu atakayejaribu kumimina mililita 50 mgongoni mwa mtoto. Wapo wachelea kwamba dripu ikivuja nje ya mshipa itaunguza nyama. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu muuguzi hukaa kando ya mtoto kwa dakika hizo chache, akitazama ngozi na kuhakikisha damu yarudi mrijani. Lakini jeraha la mkono hutibika.

Haya yanaihusu Juba, Sudani Kusini, moja kwa moja. Familia nyingi za huko hutafuta tiba ya saratani Kampala, ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda iliasisiwa mwaka 1967, kisha hurudi kwa barabara ya lami ya Nimule. Mtoto akiletwa katika zahanati iliyo karibu na Bandari ya Juba, hajaenda choo siku kadhaa, taya zamuuma na vidole vya miguu vyakwaruza ardhi anapotembea, mganga ajue kwamba hizo ni athari za vinkristini katika neva, wala asimwandikie itrakonazoli kwa utando wa kinywani, kwani huzuia ini kuiondoa dawa ile na kuzidisha sumu yake. Na siku tiba yenyewe itakapotolewa Juba, shehena itunzwe katika nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga, hata gatini kwenye jua kali. Na mfamasia asiruhusu vinkristini itoke chumbani mwake ikiwa ndani ya bomba la sindano, awe ameiomba nani.