Usingizi wa Mtoto Mahututi: Historia na Wajibu Wetu



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, hapa kwetu Kibenga mtoto akizidiwa usiku tunakimbilia mjini, au tunavuka mji mzima hadi Kamenge, kwenye hospitali ya chuo kikuu yenye jina la Mfalme Khalid wa Saudi Arabia. Tukifika tunauliza habari za dawa, damu na oksijeni, na ni haki yetu kuuliza. Lakini ni wachache wanaouliza: je, mtoto anapata usingizi? Surat An-Nabaa inatukumbusha kwamba usingizi tumepewa uwe mapumziko. Basi leo tutazame jinsi mapumziko hayo yalivyotunzwa hospitalini, yalivyopotea, na yanavyorudishwa.

Hospitali za Waislamu wa kale

Nur al-Din alijenga hospitali yake Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga ya kwake Cairo mwaka 1284. Hospitali hizi ziliitwa bimaristani. Zilikuwa na ua na maji yanayotiririka, na wanahistoria wamesimulia kwamba ile ya Cairo iliwawekea wagonjwa waliokosa usingizi watu wa kuwasimulia hadithi na kuwapigia muziki wa taratibu. Kabla ya hapo Ibn Sina (980–1037) alikwisha kuandika katika Qanun kwamba mtoto mchanga apewe mambo mawili: kutikiswa taratibu na kuimbiwa. Bibi zetu hawakusoma Qanun, lakini walifanya hayo hayo.

Mama alipoachwa nje ya mlango

Katika karne ya 20 hospitali nyingi za Ulaya ziliwazuia wazazi. Mama aliruhusiwa kumwona mwanawe kwa saa chache tu kwa juma, kwa hoja kwamba ziara zinaleta maradhi na vilio. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha Uingereza filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake, na watu wakaona huzuni iliyokuwa ikiitwa utulivu. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo alale naye hospitalini.

Kwetu Afrika Mashariki mama hakuhitaji ripoti. Katika kituo cha Mwanamugimu, hospitali ya Mulago, Kampala, kilichoanza miaka ya 1960, akina mama walikaa na watoto wao wenye utapiamlo huku wakifundishwa kupika chakula cha kuwaponya. Hapa Burundi pia mgonjwa hulazwa na mlinzi wake kutoka nyumbani, anayempikia, kumwosha na kukesha naye. Tusidharau desturi hii. Harufu na sauti ya mama ni nusu ya usingizi wa mtoto.

Mashine iliyookoa, na kelele zake

Mwaka huo huo wa 1952 ugonjwa wa polio uliupiga mji wa Copenhagen, Denmark. Daktari Bjørn Ibsen alimwokoa msichana wa miaka 12 kwa kumsukumia hewa kupitia mrija shingoni. Wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kubinya mifuko ya hewa kwa mikono, mchana na usiku. Hapo ndipo zilipozaliwa wodi za wagonjwa mahututi.

Wodi hizo zimeokoa watoto wengi, alhamdulillah. Lakini zilileta taa zisizozimwa, king'ora cha mashine na mikono inayomgusa mtoto kila saa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele za wodini usiku zisizidi dekibeli 30, yaani kama mnong'ono, na wodi za mahututi hupita kiwango hicho kwa mbali. Mtoto asiyelala huchanganyikiwa akili, na dawa za kumlaza hazimpi usingizi kama ule wa asili. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2022 kuhusu watoto mahututi ulisisitiza kulinda usingizi wao na kuwashirikisha wazazi katika kuwatunza.

Mfano wa malaria

Ndugu msomaji, tusidhani haya ni ya nchi tajiri tu. Zamani mtoto mwenye malaria kali alitiwa kwinini kwa dripu ya saa nne, kila baada ya saa nane. Utafiti wa mwaka 2010 uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Rwanda na Kongo, kwa watoto 5,425, ulionyesha kwamba sindano ya artesuneti ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Sindano hiyo hutolewa mwanzo, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Faida kubwa ni uhai, lakini hata usiku wa mtoto ulipungukiwa na misukosuko.

Sasa tufanye nini?

Kumzuru mgonjwa ni sunna, na katika adabu zake ni kutokaa sana. Twende wawili wawili, tuzime sauti za simu, tuombe dua kwa sauti ya chini, na jua likizama tumwache mama na mwanawe. Tumuulize muuguzi kwa heshima kama kupima joto na kutoa dawa kunaweza kufanywa kwa pamoja, na kama taa iliyo juu ya kitanda inaweza kuzimwa. Mchana tufungue dirisha mtoto aone mwanga, ili mwili wake utofautishe usiku na mchana.

Lakini tahadhari! Mtoto mgonjwa anayelala mno, asiyeamka akiitwa, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyepatwa na degedege, huyo hapumziki. Hiyo ni dalili ya hatari. Aitiwe muuguzi mara moja, na kama yuko nyumbani apelekwe hospitali usiku huo huo. Tangu Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka mitano, basi hofu ya gharama isimcheleweshe mtoto.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wote, na awape nguvu wanaokesha nao. Amin.