Kanda za Mariposa: Sauti Zilizohifadhiwa Toronto

Kanda za sauti za tamasha la Mariposa ni kati ya kumbukumbu muhimu za muziki wa kiasili zilizobaki nchini Canada. Zimewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Clara Thomas, ndani ya Maktaba ya Scott ya Chuo Kikuu cha York, kaskazini mwa Toronto, pamoja na programu zilizochapishwa, picha, barua na karatasi za uendeshaji wa taasisi iliyoandaa tamasha hilo. Anayefuatilia historia ya kanda hizo hukutana na jambo ambalo husahaulika kila inapotajwa kazi ya kuhifadhi sauti: kunasa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika anayesikika ni nani, yuko wapi, ni lini, na kanda yenyewe imepitia mikono gani. Katika miji yenye vyuo vikubwa kama Toronto, nusu hiyo mara nyingi imekuwa kazi ya wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo.

Kabla ya kanda kulikuwa na santuri. Shirika la utangazaji la taifa, CBC, lilipoanzishwa Novemba 1936, vipindi vingi vilikwenda hewani moja kwa moja na kupotea hapo hapo. Vichache vilivyohifadhiwa vilichongwa kwenye sahani za aluminiamu zilizopakwa laka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aluminiamu ilipohitajika kwa ndege, sahani za kioo zilitumika badala yake. Teknolojia ya kanda ya sumaku, ambayo Wajerumani waliionyesha hadharani Berlin mwaka 1935, ilivuka bahari baada ya vita, na kampuni ya Ampex ya Marekani ikaanza kuuza mashine zake mwaka 1948. Tofauti ilikuwa kubwa. Santuri ya laka ilibeba dakika chache tu na haikuweza kufutwa. Kanda ilibeba onyesho zima, ikakatwa, ikaungwa, hata ikafutwa na kutumika tena.

Uwezo huo wa kukata na kuunga ulileta matatizo yake. Tarehe 15 Mei 1953, Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach walipiga jazi katika ukumbi wa Massey Hall, katikati ya Toronto. Ukumbi haukujaa, kwani usiku huo huo kulikuwa na pambano la ngumi za uzito wa juu kati ya Rocky Marciano na Jersey Joe Walcott. Onyesho lilinaswa kwenye kanda, Mingus akaondoka nayo, na lebo yake ya Debut ikatoa santuri. Kwa kuwa besi yake ilisikika kwa shida, Mingus aliipiga upya studio na kuichanganya juu ya sauti ya awali. Kwa miaka mingi, basi, kile ambacho dunia ilikisikia kama usiku wa Toronto hakikuwa usiku ule tu. Kwa mtu wa hifadhi hili si dosari ya kulaumiwa. Ni taarifa inayopaswa kuandikwa kwenye katalogi ili msikilizaji ajue anasikiliza nini.

Katika miaka hiyo hiyo, mwanamke mmoja wa Toronto alikuwa akibeba kinasa sauti hadi vijijini. Edith Fowke, mzaliwa wa Saskatchewan, aliendesha kipindi cha nyimbo za kiasili cha CBC kuanzia mwaka 1950 hadi 1963, na kutoka katikati ya miaka ya 1950 akaanza kuwarekodi wakulima, wakata magogo na wazee wa Ontario walioimba nyimbo walizorithi kwa wazazi wao. Wasomi wengi waliamini kwamba mkoa huo wenye viwanda na miji mikubwa hauna cha kukusanya. Fowke alithibitisha kinyume chake. Mwaka 1971 alianza kufundisha fasihi simulizi katika Chuo Kikuu cha York, kikiwa bado chuo kichanga kilichoanzishwa mwaka 1959.

Mariposa ilizaliwa katika mazingira hayo. Tamasha la kwanza lilifanyika Agosti 1961 mjini Orillia, kaskazini mwa Toronto, likiwa wazo la Ruth Jones. Jina lilitokana na mji wa kubuni katika kitabu cha Stephen Leacock cha mwaka 1912, ambacho wenyeji wa Orillia walikitambua kama picha yao wenyewe. Miaka miwili baadaye umati ulizidi uwezo wa mji, fujo zikatokea, na Orillia ikalikataa tamasha. Mwaka 1964 lilihamishwa kwa dharura hadi uwanja wa besiboli wa Toronto, kisha likakaa Innis Lake, na kuanzia 1968 hadi 1979 likafanyika kwenye Visiwa vya Toronto, safari fupi ya kivuko kutoka katikati ya jiji. Liliporudi Orillia ilikuwa mwaka 2000.

Miaka ya visiwani ndiyo iliyoipa Mariposa sura yake. Estelle Klein, aliyelisimamia kisanaa tangu katikati ya miaka ya 1960, hakutaka jukwaa moja kubwa lenye nyota na umati unaotazama kwa mbali. Alitawanya majukwaa madogo kisiwani na mchana kutwa akapanga vikao ambamo wanamuziki wanne au watano wasiofahamiana walikaa pamoja, wakaeleza nyimbo zao na kupiga kwa zamu: wapiga fidla wa maeneo mbalimbali, waimbaji wa nyimbo za kazi, watengenezaji wa vyombo. Katika miaka ya 1970 Alanis Obomsawin, mwimbaji wa Waabenaki ambaye baadaye alipata sifa kubwa kama mtengenezaji wa filamu, alisimamia eneo maalumu la wasanii wa mataifa asilia ya Canada. Mwaka 1972 Bob Dylan alifika kisiwani kama mtazamaji wa kawaida, na vurumai iliyozuka alipotambuliwa iliwaonyesha waandaaji jinsi nyota mmoja anavyoweza kuuvuruga mpango mzima.

Mfumo huo wa Klein ulikuwa baraka kwa wasikilizaji na mzigo kwa watunza kumbukumbu. Onyesho la kawaida huwa na msanii mmoja na orodha ya nyimbo. Kikao cha Mariposa kina watu watano wanaopokezana, wanaongea katikati ya wimbo, wanamwita jirani kwa jina la kwanza tu, na pengine anaingia wa sita ambaye hakupangwa. Majukwaa kadhaa yalifanya kazi kwa wakati mmoja. Kanda zilizotoka huko ziliandikwa kwa haraka kwenye jalada, kwa kalamu iliyokuwa karibu: namba ya jukwaa, siku, pengine saa. Thamani ya kanda hizo ipo hasa kwenye mazungumzo hayo yasiyopangwa, ambayo hayakuwahi kutolewa kwenye santuri yoyote.

Mkusanyiko ulipofika York katika miaka ya 2000, kanda nyingi zilikuwa zimetimiza miongo mitatu au minne. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikwa na gundi. Zile za zamani zenye utepe wa asetati huoza taratibu na kutoa harufu ya siki, kisha hukunjamana na kukatika. Za miaka ya 1970, hasa baadhi ya aina za Ampex, zina ugonjwa mwingine: gundi hunyonya unyevu wa hewa, huwa na ulimbo, na kanda inapopita mashineni huganda, hulia kwa ukali na kuacha unga wa chuma juu ya kichwa cha kusomea, yaani sauti yenyewe ikibanduka. Tiba iliyokubalika ni kuioka kanda kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 50 hivi, hewa ikizunguka. Nafuu yake ni ya muda wa wiki chache, na ndani ya muda huo lazima kanda ichezwe na kunakiliwa. Kanda ya asetati, kinyume chake, ikiokwa huharibika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi hii ni macho na pua, kabla ya mashine.

Hapo ndipo wanafunzi huingia. Toronto ina mafunzo ya ukutubi ya chuo kikuu tangu 1928, na shule hiyo leo ni Kitivo cha Habari cha Chuo Kikuu cha Toronto, ambacho wanafunzi wake wa shahada ya uzamili huweza kupangiwa kazi katika hifadhi na maktaba kama sehemu ya masomo. Uhifadhi wa nyaraka kama taaluma inayojitegemea ulichelewa: programu ya kwanza ya uzamili nchini ilianza mwaka 1981 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, upande wa Pasifiki. Serikali ya Canada nayo, kupitia mpango wa Young Canada Works ulioanza mwaka 1996, hulipia sehemu ya mishahara ya vijana wanaofanya kazi katika makumbusho, maktaba na hifadhi za nyaraka. Bila fedha za namna hiyo, taasisi nyingi ndogo zingebaki na masanduku yaliyofungwa, kwa sababu kazi hii inakula muda. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuchezwa, na hakuna njia salama ya kuiharakisha.

Mwanafunzi anayepewa kazi ya namna hii hufundishwa kwanza kutogusa. Anakagua sanduku, anapiga picha kila kilichoandikwa juu yake, anaangalia kama kanda imezungushwa mwanzo ukiwa nje au mwisho ukiwa nje, kisha ndipo anaipandisha mashineni. Kuna mitego. Kanda yenye njia nne za sauti ikichezwa na kichwa cha njia mbili, upande wa pili husikika kinyumenyume chini ya ule wa kwanza. Kichwa kisiponyooshwa sawasawa na mwelekeo wa kurekodi, sauti nyembamba hupotea, na zikishapotea kwenye nakala hakuna programu ya kompyuta inayozirudisha. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, unapendekeza sauti ipimwe angalau mara 48,000 kwa sekunde kwa kina cha biti 24, na hifadhi nyingi hutumia mara 96,000. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho inachukua takriban gigabaiti 2. Nakala hiyo kuu haisafishwi wala kurembeshwa: mikwaruzo, upepo wa ziwani na kikohozi cha mtazamaji vyote hubaki, na usafishaji hufanywa kwenye nakala nyingine ya kusikilizia.

Kisha inakuja katalogi, ambayo ndiyo kazi ngumu zaidi na inayodharauliwa zaidi. Canada ina kanuni zake za kueleza nyaraka, zilizoanza kutolewa mwaka 1990, zenye sura nzima kuhusu rekodi za sauti. Msingi wake ni kwamba kanda haitenganishwi na mkusanyiko ilikotoka. Ndiyo maana programu zilizochapishwa za tamasha zina thamani kubwa kuliko zinavyoonekana: mwanafunzi huweka programu mezani, husikiliza kanda, na kulinganisha jina lililotangazwa jukwaani na lile lililopangwa kwa saa hiyo. Yakitofautiana, sikio hupewa uzito, lakini tofauti yenyewe huandikwa. Jina lisilo na uhakika hupewa alama ya shaka. Kukisia bila kusema kwamba umekisia ni kosa baya kuliko kuacha nafasi wazi, kwa kuwa kosa likishaingia kwenye katalogi hunakiliwa na kila mtafiti anayefuata.

Nje ya Canada pia, Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa pande zote mbili: wa sauti zilizoandikiwa taarifa vizuri na wa zilizo hatarini kupoteza majina. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika, Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi ngoma, nyimbo na hadithi, aliandika kadi kwa kila wimbo: mwimbaji, lugha, mahali, ala na namna ilivyosawazishwa. Mfululizo wake wa santuri 210 bado unatumika hadi leo kwa sababu ya kadi hizo. Dar es Salaam, kwa miongo kadhaa, Radio Tanzania ilikuwa studio kuu ya bendi za nchi. NUTA Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi ziliacha sauti zao kwenye kanda za maktaba yake. Kanda hizo ni za umri mmoja na za Mariposa, na zilitunzwa katika mji wa pwani wenye joto na unyevu, mazingira ambayo gundi ya kanda haiyapendi hata kidogo. Kila mwaka unaopita pia unapunguza idadi ya wapigaji na mafundi mitambo wanaoweza kusikia gitaa na kumtaja aliyelipiga.

Kusikika kwa umma ni suala jingine, na hapa sheria huamua mengi. Anayemiliki kanda si lazima awe anamiliki wimbo, wala sauti ya aliyeuimba. Mwaka 2015 Canada iliongeza ulinzi wa rekodi zilizochapishwa kutoka miaka 50 hadi 70. Kikao chenye wanamuziki watano kinaweza kuwa na wenye haki watano pamoja na warithi wao. Kwa nyimbo za mataifa asilia suala linakwenda mbali zaidi ya sheria ya hakimiliki: kuna nyimbo zenye wenyewe, zenye msimu wake au zisizopaswa kusikika nje ya shughuli maalumu, na jumuiya husika ndiyo yenye neno la mwisho. Hifadhi makini huandika masharti hayo ndani ya katalogi yenyewe, ili yasitegemee kumbukumbu ya mfanyakazi mmoja.

York imeyaweka maelezo ya mkusanyiko kwenye mfumo wa wazi wa AtoM, programu iliyotengenezwa Canada, na wakutubi wake wameingiza taarifa za wasanii wa tamasha katika hazina ya Wikidata, ili mtu anayemtafuta mpiga fidla fulani akute alipiga Mariposa mwaka gani. Kila faili la sauti hupewa namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na faili zima. Biti moja ikibadilika, namba hailingani tena na hitilafu hugundulika. Kanda zenyewe hazitupwi baada ya kunakiliwa. Hurudishwa kwenye chumba cha baridi na kikavu, kwa sababu jalada lina maandishi ambayo picha inaweza kuyakosa, na kwa sababu vichwa vya kusomea vya kesho huenda vikatoa kwenye utepe ule ule sauti ambayo mashine za leo hazijaifikia.