Kuzoesha Nani, Kuzoesha Nini?

Mtu wa Rugu, wilayani Karagwe, akitaka kufuga uduvi kwenye tangi la kioo, aliye karibu naye ni yule wa Ziwa Victoria, ambaye wanasayansi wanamwita Caridina nilotica. Ni mdogo, urefu wake haufiki hata sentimita tatu, na mwili wake unaonekana ndani na nje. Wavuvi wa dagaa wanamfahamu kwa kuwa huingia kwenye nyavu zao, na tangu sangara walipowafyeka furu miaka ya 1980 ameongezeka sana. Kumpata si kazi. Kazi ni kumtoa kwenye mfuko aliosafirishiwa na kumwingiza kwenye tangi akiwa hai, na akae hai wiki nzima inayofuata. Kitendo hicho Kiingereza hukiita acclimation. Sisi tukiiteje?

Mzizi wa neno hilo hausaidii. Umetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mwinamo, likaja kumaanisha hali ya hewa ya nchi. Tukiufuata tutaishia kwenye tabianchi, na uduvi aliyefungwa mfukoni hana habari na tabianchi. Mwingine atapendekeza uhimilishaji, kutokana na kuhimili. Neno hilo lina wenyewe: ukilitamka mbele ya mfugaji wa Karagwe, atauliza ni ng'ombe gani anapandishwa kwa mrija. Kupandikiza nako kumeshachukuliwa na wafuga samaki. Wanapandikiza vifaranga vya sato bwawani, yaani wanaviweka humo. Uzoefu ndio usiseme, uko kwenye matangazo ya kazi.

Linabaki neno ambalo wenye mabwawa wanalitumia kila siku bila kuitisha kikao: kuzoesha. Ubora wake umo katika sarufi. Kuzoea ni kwa mnyama, ndani ya mwili wake, kwa mwendo wake. Kiambishi cha kusababisha kinamwingiza mfugaji: yeye anaandaa mazingira na kungoja, lakini hawezi kuzoea kwa niaba ya uduvi. Zaidi ya hapo, kitenzi hiki kinadai watendwa wawili. Ukisema "nimewazoesha uduvi", msikilizaji atauliza: umewazoesha nini? Swali hilo ndilo wafugaji wengi hawajiulizi, na ndilo linaloua uduvi, kwa sababu majibu ni zaidi ya moja na kila jibu lina saa yake.

La kwanza ni joto. Maji ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi 24 hadi 26 hivi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Karagwe vinapita mita 1,500. Alfajiri, maji ya tangi lililo sebuleni huwa yamepoa kuliko ya ziwani. Hili ndilo jepesi. Mfuko ukiachwa uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 au 30 bila kufunguliwa, joto la pande zote mbili linalingana.

La pili ni chumvichumvi, yaani madini yaliyoyeyuka majini. Tusidanganywe na jina la maji baridi: hata yasiyo na ladha ya chumvi yana madini, mengine mengi, mengine kidogo. Damu ya uduvi ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia mfululizo kupitia mashavu. Anayatoa kama mkojo kwa tezi zilizo karibu na papasi zake, huku mashavu yakivuta chumvi na kuirudisha mwilini. Mtambo huo hurekebishwa polepole. Ukimtoa kwenye maji aliyoyazoea ukamtumbukiza ghafla kwenye maji ya mvua yaliyokingwa batini, ambayo karibu hayana madini, maji yatamwingia kwa kasi kuliko anavyoweza kuyatoa. Pengine hatakufa siku hiyo. Atakufa siku ya kujivua gamba, kwa sababu hapo mwili unavimba kwa maji ili kulipasua gamba la zamani, na lile jipya linahitaji madini ya chokaa ili liwe gumu.

Dawa yake ni kuzoesha kwa matone. Uduvi wanamiminwa pamoja na maji yao kwenye bakuli lililowekwa chini ya tangi. Mpira wa dripu, ule mpya wa duka la dawa, unateremsha maji ya tangi, na kile kigurudumu chake kinaminywa mpaka yadondoke matone mawili au matatu kwa sekunde. Maji ya bakuli yakifika mara tatu ya yalivyokuwa, kazi imekwisha. Huchukua saa moja hadi mbili. Kisha uduvi wanachotwa kwa wavu laini, na maji ya bakuli yanamwagwa nje.

La tatu ni amonia, nalo linakwenda kinyume: halitaki kungoja. Uduvi waliosafiri kutwa ndani ya mfuko wameyajaza maji kabonidioksidi na amonia. Kabonidioksidi inaongeza asidi, na kwenye asidi amonia nyingi hugeuka kuwa umbo lisilo kali. Mfuko ukifunguliwa, gesi inatoroka, asidi inapungua, na amonia inarudi kwenye ukali wake. Hapa anayesubiri saa tatu kwa nia njema anawaweka kwenye sumu. Ndiyo maana joto linashughulikiwa mfuko ukiwa umefungwa, na ukishafunguliwa matone yaanze mara moja: yanazoesha chumvi huku yakiipunguzia makali ile amonia.

Kuna kitu ambacho istilahi hii haikifikii kabisa, nacho ni shaba. Kagera ni nchi ya kahawa, na mrututu pamoja na dawa nyingine za shaba ni silaha za kale dhidi ya kuvu wa mimea. Kiasi kidogo sana kinawaua uduvi, wala hakuna matone ya kuwazoesha. Ndoo iliyowahi kuchanganyiwa dawa ya shamba isikaribie tangi.

Tusichanganye pia kuzoea na mabadiliko ya vizazi. Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Tangu lilipojaa tena, furu wamegawanyika kuwa mamia ya spishi, kila moja na mlo na makazi yake. Hayo yamo kwenye urithi wao. Kuzoea kunaanza na kwisha na kiumbe mmoja, na akirudishwa ziwani itabidi azoeshwe upya.

Kwa hiyo kidahizo ninachopendekeza ni hiki:

uzoeshaji nm kitendo cha kuhamisha kiumbe wa majini kutoka maji fulani kwenda mengine kwa hatua, ili mwili wake upate muda wa kujirekebisha. Hutajwa pamoja na kinachozoewa: ~ joto, ~ chumvi; ~ kwa matone. Hautumiki kwa sumu.